Makosa Kumi na Moja ya Msimulizi

Nina wivu. Heri niseme mapema, maana watu wa kanisani kwetu Garland, karibu na Dallas, wananijua kama mama mpole, muuguzi mwenye mkono mwepesi wa sindano, na wakisoma haya watasema Amerika imeniharibu. Amerika haina kosa. Nilikuja nao kutoka Kenya, ukiwa mzima, na haukulipiwa ushuru popote.

Wivu ninaotaka kuusimulia hapa ulianza na video fupi kwenye simu. Ilikuwa Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nimekaa katika chumba cha wafanyakazi kwenye kliniki ya figo ninakofanya kazi, Richardson. Mtu alikuwa ameituma kwenye kundi letu, lile la Waswahili wa Dallas na Houston, ambamo Wakenya, Watanzania na Wakongo tunatangaziana harusi, misiba na vyumba vya kupanga. Video ilionyesha sebule ya watu, televisheni kubwa, na kwenye televisheni katuni ya Kijapani, zile za watu wazima. Juu ya sauti ya katuni kulikuwa na sauti ya mwanamke akiisimulia kwa Kiswahili cha Kongo, na watu wasioonekana wakimjibu na kuangua vicheko. Sauti ile niliijua. Kisha ikaingia sauti nyingine, changa, ikisema, "Tantine, ngoja kwanza!" na kufuatiwa na kicheko ambacho ningekitambua hata nikiwa chini ya dawa ya usingizi. Alikuwa binti yangu.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu alipokuwa na miaka tisa hakuwahi kunijibu kwa Kiswahili. Nikimwuliza, "Umekula?" anasema, "Yeah, Mum." Nikimwambia pole, ananiambia, "I'm fine." Alikuwa anaelewa kila kitu, hata mafumbo, lakini kutoka mdomoni mwake kilitoka Kiingereza tu. Nilikuwa nimeshakubali, kama mtu anavyokubali goti bovu. Na sasa maneno matatu, mepesi, bila kujikwaa, akimpa mwanamke mwingine, tena akimwita tantine kama Wakongo wanavyomwita shangazi. Niliirudia video ile mara sita. Chakula changu kikapoa nikakitupa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba katuni zile zilikuwa zetu, mimi na yeye.

Alipofika miaka kumi na mitatu alianza kujifungia chumbani na kompyuta. Baba yake tulimwacha Kenya, na huko akabaki, kwa hiyo hofu zote za nyumba zilikuwa zangu peke yangu. Mama mmoja wa kanisani alinionya kwamba katuni za Wajapani zina mapepo na picha za uchi. Basi Jumapili moja baada ya ibada nikaingia chumbani kwake bila kubisha, mikono kiunoni, kukagua. Kwenye kioo mzee mmoja alikuwa anaosha sahani. Basi. Aliosha sahani moja, akaipangusa, akairudisha kabatini juu ya sahani nyingine ambayo haikuwa imetumika. Nikasimama pale nikingoja mapepo.

"Mke wake yuko wapi?" nikauliza mwishowe.

"Just watch, Mum," akasema, akasogea kidogo kitandani.

Nikakaa. Tulipomaliza nilikuwa nimelia hadi miwani imeingia ukungu, na mtoto anacheka, ananipa fulana yake nijifutie. Tangu siku hiyo, kila Jumapili mchana, chai ya maziwa, mandazi, na filamu moja. Yeye akiongea Kiingereza, mimi Kiswahili, Wajapani wakiongea chao, na maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu.

Nikaanza kusoma wahakiki. Nilitaka kujua wenzangu wanaonaje. Wa zamani waliandika kana kwamba Wajapani hawakuchora kitu ila damu, roboti na wanawake wasio na nguo. Sikatai, za namna hiyo zipo, na nyingine nilizizima mwenyewe kabla ya dakika ya kumi. Wa siku hizi wamekimbilia upande wa pili: kila filamu ni falsafa, kila mvua ni maombolezo, kila paka ana maana. Lakini wote, wa kale na wa sasa, bado wanashangaa kwamba katuni inaweza kuwa na mtu mzima ndani yake. Wanashangaa kama mtu aliyekuta mbuzi amelala kitandani. Ikanikera, nikaanza kuandika uhakiki wangu mwenyewe, kwa Kiswahili, na kila Alhamisi nikautuma kwenye lile kundi.

Nilikuwa na daftari. Humo niliandika mambo yanayorudi filamu baada ya filamu. Bakuli la chakula lililoandaliwa kwa mtu asiyekuja. Mzazi aliyekufa au aliye kazini, na huwezi kujua tofauti mpaka katikati. Kazi inayomla mtu mifupa ikabaki suti. Mwili unaogeuka chuma kipande kwa kipande, na swali la ni kipande gani kikitoka mtu hayupo tena. Wazee waliofanya jambo vitani wasilolisema. Juu ya yote, kimya. Kimya ndicho kilikuwa hoja yangu. Niliandika kwamba mhusika mkuu wa filamu hizi ni kimya, na kwamba mhakiki asiyejua kunyamaza hawezi kuzihakiki. Niliipenda sana sentensi hiyo, nikaitumia mara nne.

Msomaji wangu alikuwa mmoja, mzee wa kanisa, aliyeweka alama ya dole gumba kila Alhamisi. Aliiweka haraka mno, sekunde chache baada ya mimi kutuma makala ya kurasa tatu. Nilimshukuru hivyo hivyo.

Sasa, yule mwanamke. Hakuna aliyeniibia mtoto, nilimpeleka mwenyewe na godoro juu ya gari. Binti yangu alipopata chuo Houston, kusomea mambo ya kompyuta, mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa yeye. Tulijuana Garland miaka yangu ya mwanzo, kabla sijapata leseni ya uuguzi, tulipokuwa wote tunaogesha wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia. Mkongo wa mashariki, mcheshi, mwenye mikono yenye nguvu. Baadaye alihamia Houston, akapata kazi ya ghala na nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Sharpstown. Nilipomwomba aishi na mwanangu hakuniachia nimalize.

"Mama, mutoto wako ni mutoto wangu. Mulete."

Tulipokuwa tukibadilisha mashuka ya wazee alizoea kunisimulia habari za kambini. Alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kaka yake alikuwa msimulizi kwenye kibanda cha video. Zilikuja filamu za Wahindi, za Wachina, za Wamarekani, na watu hawajui lugha hata moja kati ya hizo. Msimulizi anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, anawasemea wahusika wote, mwanamume, mwanamke, polisi, hata farasi. Na sheria ilikuwa moja: usinyamaze. Msimulizi akinyamaza watu wanapiga miluzi, wanadhani jenereta imekufa. Kaka yake alipokaukiwa sauti alimpa dada maikrofoni. Dada mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minne. Alinionyesha pale pale, shuka mkononi, jinsi alivyokuwa akimsemea mchumba wa Kihindi anayelia, na tukacheka hadi mzee mmoja akaamka akatugombeza.

Basi ndicho alichokianzisha Sharpstown. Binti yangu aliwasha katuni yetu sebuleni, na yule mwanamke akaanza kuisimulia. Majirani wakaja. Mtu akarekodi. Kila Jumapili ikawa video mpya, na kila Jumatatu kundi letu likawaka moto. Wauguzi wa Kikenya ambao hawajawahi kusoma hata mstari wangu mmoja waliandika, "Huyu mama ame-kill!" na "Wueh, nimelia kwa bus." Shemasi aliyewahi kuhubiri juu ya mapepo ya Wajapani aliuliza kwa heshima Jumapili ijayo ni filamu ipi. Hata yule mzee wa dole gumba aliweka mioyo mitatu. Mimi sijawahi kupewa hata moyo mmoja. Aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi kumbi, nikajiambia, lakini sikujifariji.

Mwezi wa pili wa video hizo wakaonyesha filamu niliyoipenda kuliko zote. Inamhusu mwanamke wa makamo anayefanya kazi katika karakana ya vyakula vya bandia, vile vya nta vinavyowekwa kwenye madirisha ya mikahawa ya Kijapani ili mteja aone atakachokula. Mama yake anapoteza kumbukumbu. Anasahau majina, halafu nyuso, halafu mapishi yake mwenyewe. Basi binti anaanza kutengeneza kwa nta vyakula vyote ambavyo mama alimpikia utotoni, anavipanga kwenye rafu. Siku moja anamwekea mama mezani mabakuli mawili, moja la mchuzi wa kweli, moja la nta. Mama anachukua la nta. Kwa dakika nne hakuna anayesema neno. Mama anazungusha kijiko katika mchuzi usiosogea. Halafu binti anasema sentensi moja, na maandishi ya chini yanaileta kwa Kiingereza maana yake, "Si lazima umalize."

Wahakiki waligombana sana juu ya filamu hiyo. Wengine walisema inahusu kazi za viwandani, wengine uzee wa Japani, wengine walilalamika kwamba hakuna kinachotokea. Mimi niliandika kurasa tano juu ya zile dakika nne, na kila nilipozisoma nilijiona mtu.

Yule mwanamke alizisemea dakika zote nne. Alimsemea mama, akamsemea binti, akamsemea hata kijiko. Na ilipofika ile sentensi, msimulizi wetu akashusha sauti na kusema, "Kula polepole, mama. Sina haraka." Watu sebuleni wakaguna. Nikasikia mtu analia.

Mwisho, majina ya wachoraji yakipanda, akatoa maoni yake. "Munaona? Tangu tuanze kuangalia hizi filamu za Bajapani, hakuna hata mutu mumoja mwenye alibisha hodi. Hakuna mugeni. Filamu muzima! Njo maana banateseka."

Nikasimamisha video. Nikazipitisha kichwani filamu zote zilizokuwa daftarini mwangu, moja moja. Mzee wa sahani. Mhandisi wa mikono ya chuma. Wajane, askari, makarani. Kweli, hakuna hodi. Hakuna jirani aliyeleta chumvi, hakuna shemeji aliyekuja bila taarifa akalala wiki mbili. Mimi nilikuwa nimekisikiliza kimya miaka sita, nikakisifu, nikakipa majina, na sikujiuliza kwa nini kipo. Yeye alikijua ndani ya miezi miwili, akakisema huku akipitisha sahani ya sambusa. Siku hiyo nilimchukia. Sitafuti neno laini.

Alhamisi nikaandika. Kichwa cha makala kilikuwa "Makosa Kumi na Moja ya Msimulizi." Sikumtaja jina, lakini nani asingejua? Kosa la kwanza: hanyamazi. La pili: anawapa wahusika majina ya Bukavu. La nne: anachanganya Kiswahili cha Kenya na cha Kongo, mara hivi mara vile, kama mchele na mawe. La sita: katika kila rekodi kuna mtu ananong'ona nyuma, na mtu huyo aambiwe anyamaze ili tusikie filamu. La tisa nililiandika kwa raha: hakuna hata neno moja la "kula polepole" kwenye maandishi ya chini, msimulizi ameokota maneno jikoni kwake akamtia mhusika mdomoni, na mtu asiyeiheshimu sanaa ya watu asiiguse. Nikasoma mara mbili, nikarekebisha alama za mkato, nikatuma wakati mgonjwa wangu wa saa nane amelala kwenye mashine.

Wawili waliniunga mkono. Mmoja aliandika, "Wivu ni kidonda, mama, ukishiriki utakonda," na kuweka kicheko. Wengine walikaa kimya.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na video. Nilipika chapati siku hiyo, nikala nne peke yangu. Jumapili ya pili hakukuwa na video. Mtu akauliza kundini, na yule mwanamke akajibu kwa adabu, "Tumepumzika kidogo." Nami nikaanza kuona kitu kingine: binti yangu hapokei simu. Nikimwandikia ananijibu, "Busy. Exams." Nilijua ratiba ya chuo chake kuliko yeye, na mitihani ilikuwa bado.

Jumanne mchana nikiwa kwenye gari, maegesho ya kliniki, yule mwanamke akanipigia.

"Mama, uko na dakika?"

"Ninazo."

"Siko na kasirani. Minataka tu ujue. Ile makosa yenye uliandika, haiko yangu."

Nikadhani anakana. "Ni ya nani basi?"

"Mimi kusoma Kingereza mbio vile, siwezi. Ile maandishi ya chini inapita mbio, vraiment, kweli kabisa. Mutoto njo ananisomeaka. Anakaa pembeni yangu, ananiambia ku masikio na Kiswahili, mimi napandisha tu sauti. Ile yote yenye ulisikia ni maneno yake. Banachekaka, banaliaka, ni juu ya maneno yake."

Nikaihamisha simu sikio la pili.

"Alinikataza nisikuambie. Alisema anataka kwanza kiwe kizuri, halafu ataongea na wewe. Sasa tangu utume ile barua, amekataa. Ata mimi ananijibu na Kingereza." Akanyamaza, yeye asiyenyamaza. "Mama, ulimuandikia mutoto wako makosa kumi na moja."

Treni ya mjini ikapita ng'ambo ya uzio, ikaisha, nami bado nimeshika simu sikioni. Nilikuwa nikifikiria kosa la sita. Yule mnong'ono wa nyuma. Nilikuwa nimengoja sauti ile miaka kumi, na ilipokuja nikaandika mbele ya watu wote kwamba inyamazishwe.

Binti yangu alipokuwa mdogo, sijui niseme vipi, nilikuwa namkatiza. Akisema "kitabu yangu," mimi "changu." Akisema "watu mbili," mimi "wawili." Nilikuwa nafanya kwa mapenzi, nikiogopa nchi hii itamla. Alikuwa hafiki mwisho wa sentensi. Siku moja, akiwa na miaka tisa, alianza kunieleza jambo la shuleni, nikamrekebisha mara tatu, akanitazama, akaanza upya kwa Kiingereza, akafika mwisho. Nilikumbuka hata jambo lenyewe: mtoto mwenzake alikuwa ametapika kwenye basi.

Jumamosi asubuhi nikashika barabara ya 45 kwenda Houston. Ni mwendo wa saa nne, na muda wote nilikuwa najifunza kuomba msamaha kwa sauti, peke yangu garini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini nitasema ukweli wote: hata katika majuto yale wivu ulikuwemo. Kwa nini sikio lile, si langu? Jibu lilinijia karibu na Huntsville na sikulipenda. Sikio langu halikuwa na kazi naye. Mimi nasoma Kiingereza haraka kuliko maandishi yanavyopita, hakuna siku niliyomwuliza mwanangu wanasema nini. Yule mwingine alimhitaji.

Sharpstown nikapanda ngazi, nikabisha hodi.

"Eh! Karibu, karibu mama!" Yule mwanamke akanikumbatia kana kwamba sijawahi kuandika kitu. Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa mstari. "Vua viatu, ukae, chai iko ku moto."

"Sikai sana," nikasema. Nikapita na viatu vyangu, nikakaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani. Niliogopa kufukuzwa, na nilitaka nikifukuzwa niwe tayari.

Binti yangu akatoka chumbani. Alikuwa amesuka nywele mtindo nisioujua. "Hi, Mum."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"It's fine."

"Si fine. Sikujua ni wewe."

"I know," akasema. Hakupandisha sauti. "That's the thing, Mum. You didn't know it was me."

Yale niliyojifunza njiani yote yakapotea. Yule mwanamke akaleta chai, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akachukua rimoti. "Bon. Tuangalie filamu," akasema, akaiweka ile ya vyakula vya nta. Akakaa katikati yetu.

Filamu ikaanza. Binti yangu hakunong'ona. Na kwa kuwa hakunong'ona, yule mwanamke hakuwa na la kusema. Aliangalia picha tu, maandishi yakipita chini mbele ya macho yake bila kumpa kitu, mikono yake imelala mapajani. Nilikuwa nimedai filamu ile ionyeshwe kwa kimya, kurasa tano nilidai, na sasa nilikuwa nimepewa. Kilikuwa kimya kibaya. Dakika ya kumi sikuweza tena.

Nikavua miwani, nikaitia mkobani, nikafunga zipu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Binti yangu hakugeuka. "You can read it, Mum."

"Sioni."

"Your glasses are in your bag."

"Najua."

Kwenye televisheni kulikuwa na rangi tu, na kitu chekundu ambacho nadhani kilikuwa samaki. Yule mwanamke hakunisaidia. Alikunywa chai yake.

"Anasema..." Sauti ilikuwa ndogo, yenye kutu. "Anasema leo kazini walitengeneza samaki mingi."

Nikalimeza neno "wengi" pamoja na chai. "Halafu?"

"Halafu mama yake anamwuliza yeye ni nani."

"Halafu?"

Yule mwanamke akaanza kuchukua maneno yale na kuyapandisha, kwanza chini chini, kisha kwa sauti yake ya kambini, na binti yangu akamsogelea sikio. Nilikuwa nje yao, kwenye ukingo wa kochi, sioni kitu, nikisikia kila neno mara mbili. Wivu haukuondoka. Ulikaa pale pale nami, na mimi nikawa nasikiliza.

Yakafika mabakuli mawili. Niliyajua kwa kimya cha filamu. Yule mwanamke alisema machache safari hii. Dakika zikaisha, nikasikia sauti ya yule binti wa Kijapani, sentensi yake moja, na binti yangu hakuitafsiri.

"Anasema nini?"

"Hiyo ulisema ni kosa."

"Wewe uliisemaje?"

"You wrote it down, Mum. Number nine."

"Nataka kuisikia kwako."

Yule mwanamke akabonyeza rimoti, picha ikasimama.

"Kula polepole, mama," binti yangu akasema. "Sina haraka."

"Uliitoa wapi?"

Hapo ndipo aliponigeukia. Bila miwani sikuuona uso wake vizuri. "It's you," akasema. "You'd come home from bathing the old people, and you had the other job to go to, so you'd feed me right there by the door. Keys in your hand. You never even took your shoes off. And you'd say that, every single time." Kisha: "Ulikuwa unasema. Kila siku."

Nilikumbuka mlango ule wa Garland, na kiti chekundu cha plastiki, na viatu vyeupe vya kazi vilivyonibana. Nilikumbuka kijiko. Nilikuwa nimeyasema maneno yale mara elfu nikitazama saa ukutani, na yaliporudi kwangu sikuyajua.

Nikainama, nikafungua kamba, nikavua viatu. Nikavipeleka mlangoni, nikaviweka kando ya vya binti yangu, nikarudi nikakaa hadi nyuma ya kochi.

"Halafu?" nikamwuliza.